Mrejesho: mzee na mashine yake ya CPAP kwenye ndege

Wakuu, niliuliza kama mzee wangu, anayekatikiwa na pumzi usingizini, anaweza kusafiri Dar–Muscat na mashine yake, ile ya kumsukumia hewa akilala, bila kuipakia kwenye mizigo. Kafika salama. Alipanda nayo, wala haikuhesabiwa kama begi la mkononi kwa kuwa ni kifaa cha tiba. Barua ya daktari ilisaidia. Kwenye ukaguzi waliitoa mkobani ikapita kwenye eksirei peke yake. Aliyesema tumwage maji ya kile kitangi cha mashine cha kutia hewa unyevu kabla ya kutoka nyumbani, ubarikiwe, yangeingia ndani ya mashine. Betri ya akiba alikaa nayo ndani ya ndege. Ikizidi wati-saa 100 (kipimo cha umeme unaokaa kwenye betri) muombe kibali shirika la ndege mapema. Soketi za Muscat ni pini tatu kama zetu.