Kuku wafupi wa kienyeji: mayai yanafia ndani, tatizo ni jogoo?

MamaButere
Wafugaji hamjambo. Nina kuku wafupi wa kienyeji wa ukoo wa marehemu nyanya yangu. Miguu ni mifupi hivi kwamba mtetea akipita kwenye nyasi asubuhi, kifua kinalowa umande. Wanalalia vizuri, wanakula kidogo, na ua la kufika kiunoni linawazuia wasiingie kwenye kunde. Huku Butere wamebaki kwa nyumba chache, watu wamehamia kienyeji iliyoboreshwa ya Naivasha. Sitaki ukoo huu upotee.

Nimewafungia wafupi kwa wafupi ili nipate wafupi watupu, lakini warefu hawakosi. Juzi mayai 12 yalitoa vifaranga 8, warefu 3. Jirani anasema jogoo amechoka, nimchinje.

Kibuye_Kuku
Pole dada. Uliyamulika hayo mayai? Na ufupi unauona lini, wakitotolewa au wakishakua?

MamaButere
Niliyamulika na tochi ya simu siku ya saba. Matatu yalikuwa na pete nyekundu ya damu, moja likaoza baadaye. Ufupi naona hata kabla kifaranga hajakauka.

MfugajiNjoro
Mama, tafadhali usimchinje! Pete ya damu ni ushahidi kwamba yai lilikuwa na mbegu. Kinachoua ni ufupi wenyewe. Kifaranga akiurithi kwa mzazi mmoja anakuwa mfupi. Akiurithi kwa wote wawili anafia ndani ya yai, mara nyingi siku za kwanza kabisa. Ndiyo maana mfupi kwa mfupi, katika mayai 12 tarajia 3 yafe, wafupi 6, warefu 3. Wako wamekaribia sana hapo.

Sasa mpe mtetea mfupi jogoo mrefu: nusu wafupi, nusu warefu. Yaani wafupi ni wale wale 6, na hakuna anayekufa kwa sababu hiyo. Wafupi watupu hutawapata kamwe, lakini hupotezi kitu. Jogoo atoke boma lingine lenye kienyeji wadogo, msizalishe ndugu kwa ndugu. Wa Naivasha mwache, atakuongezea mwili. Na mitetea warefu wa ukoo wako usiwauze, tabia ya kulalia bado wanayo. Wape jogoo mfupi asiye ndugu yao.

Kibuye_Kuku
Niliuliza kwa sababu kuna ufupi mwingine, unaoonekana kuku akiwa na wiki kadhaa. Huo hauui yai. Jogoo wa aina hiyo akipanda mitetea wa kawaida, mabinti wote wanakuwa wafupi, majogoo wanaonekana wa kawaida ila wanaubeba. Wako si hao.

MamaButere
Asanteni sana, moyo umetulia. Shemeji yangu wa Khwisero ana jogoo mwekundu, mdogo, miguu ya kawaida. Nitampelekea mitetea wawili. Vifaranga nitawatofautishaje?

MfugajiNjoro
Uzi wa rangi mguuni, kila mama na rangi yake. Ukague kila wiki na uulegeze, kifaranga anakua haraka na uzi unakata ngozi. Na mitetea wapate chanjo ya kideri kabla hujawachanganya na kuku wa shemeji.