Natoka Njombe, nakwenda kujitolea kufundisha Kiswahili karibu na Ahero mwaka mzima. Nijiandae vipi?

Binti_wa_Baridi:
Habari zenu wakuu. Nimemaliza shahada ya ualimu, Kiswahili na Historia, na nimepata nafasi ya kujitolea mwaka mmoja kwenye shule moja karibu na Ahero, Kaunti ya Kisumu. Nitafundisha Kiswahili gredi ya 7 hadi ya 9, madarasa ya wanafunzi 60 hivi. Nyumba ya mwalimu iko ndani ya uwanja wa shule. Haina bomba, kuna tangi la maji ya mvua. Posho ni ya chakula tu.

Sijawahi kuishi nje ya Tanzania, na kwetu mbu ni wachache. Naombeni mambo halisi: nyaraka, darasani kukoje, maji, chakula, afya. Nataka niwafae hao watoto kweli, si kukaa mwaka mzima nikizoea mazingira.

Ubao_Mweusi:
Karibu Kenya, mwalimu. Nianze na nyaraka, maana zikikosewa hayo mengine hayana kazi.

Pasi ya mgeni unayogongewa mpakani haikuruhusu kufanya kazi, hata kazi ya bure. Kufundisha bila mshahara bado ni kazi. Kwa hiyo wanaokualika waombe kibali chako Uhamiaji kabla hujasafiri, na wakutumie nakala. Usikubali neno la "njoo kwanza, tutarekebisha ukifika." Pili, Sheria ya TSC (tume ya Kenya inayosajili na kuajiri walimu) ya 2012 inataka anayefundisha awe amesajiliwa. Waulize mapema watalishughulikia vipi hilo. Mpaka usajili utoke, uwe msaidizi wa mwalimu aliyesajiliwa, na yeye ndiye mwenye darasa.

Beba vyeti halisi na nakala zilizothibitishwa, hati ya polisi ya tabia njema, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo usiichome wiki ya safari. Unaweza kuulizwa kadi hiyo pia siku unayorudi Tanzania. Njia rahisi ni Mwanza, Musoma, Tarime, Sirari, kisha upande wetu Isebania, Migori, Kisii, Oyugis, Sondu hadi Ahero. Ukishavuka, sajili laini ya simu kwa pasipoti na uwe na M-Pesa siku hiyo hiyo, kwa sababu hata sukuma wiki ya shilingi 20 hulipwa kwa simu.

Sasa jambo ambalo walimu wa kutoka kwenu lazima walikumbuke: fimbo. Tanzania kanuni bado zinairuhusu kwa masharti. Huku Kenya fimbo ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inaifanya kuwa kosa la jinai. Utaona mwalimu mwingine ameshika kiboko. Usimwige. Mgeni akishtakiwa kwa kumchapa mtoto, hatabaki na kibali wala heshima.

Ngeli_kwa_Ngeli:
Mwalimu, hapa kuna jambo moja la kulielewa kabla ya yote. Kwenu mtoto anakuja shuleni Kiswahili anacho. Uwanda wa Kano, huko Ahero unakokwenda, mtoto anakuja na Dholuo, lugha ya Wajaluo, na kuanzia gredi ya 4 masomo mengine yote anafundishwa kwa Kiingereza. Kiswahili anakutana nacho kwenye kipindi chako, sokoni na redioni. Unafundisha lugha ya pili, au ya tatu. Ukifundisha kama uko Njombe, utazungumza vizuri peke yako dakika 40 zote, na wao watanyamaza kwa adabu.

Makosa utakayoyasikia yana sababu zake. Dholuo haina sauti za "sh", "z" wala "v". Kwa hiyo utasikia "samba", "wasee", "fitabu". Mtoto hakosei kwa uvivu, sikio lake halijawahi kuhitaji kuzitofautisha. Na darasa likimcheka mara moja, hatafungua mdomo tena muhula mzima. Lizuie hilo siku ya kwanza.

Dawa ni dakika 8 mwanzoni mwa kipindi, kila siku, si somo zima mara moja kwa mwezi. Andika jozi tano ubaoni: saka/shaka, saba/shaba, sana/zana, fua/vua, fika/vika. Kwanza wewe ndiye unayesema, wao wanyooshe kidole kimoja wakisikia neno la kushoto, viwili wakisikia la kulia. Hapo unapima sikio kabla ya ulimi. Darasa likifika mahali wengi wanapatia, geuza: mwanafunzi aseme, mwenzake anyooshe kidole. Kwa "z" na "v", waambie waweke viganja kooni waseme "sssss" bila kuacha, halafu "zzzzz". Koo linatetemeka kwenye ya pili. Ulimi haujasogea hata kidogo, kilichoongezeka ni mtetemo tu. Vivyo hivyo "fffff" na "vvvvv". Kwa "sh" koo halisaidii: hapo ulimi unarudi nyuma kidogo na midomo inachongoka mbele, kama mtu anayemnyamazisha mtoto mchanga. Waonyeshe kwa mdomo wako, polepole, ukisimama mahali ambapo hata wa dawati la nyuma anauona.

La pili ni ngeli. Dholuo haina ngeli kama za Kibantu, na Kiswahili cha mtaani Kenya kimezirundika karibu zote kwenye I-ZI: "kitabu yangu imepotea." Mtoto anasikia hivyo kutoka kwa kondakta, muuza duka, hata mwalimu wa Hisabati. Jedwali la ngeli alilokariri halitashinda hilo. Fundisha kwa sentensi moja inayorudiwa huku vitu vikiwa mkononi. Wiki ya kwanza KI-VI: kikombe, kijiko, kitabu, kiatu. "Kikombe changu kimepotea. Vikombe vyangu vimepotea." Kila mmoja abadilishe nomino tu. Wiki ya pili LI-YA: jani, jiwe, jembe, gunia. Usiziweke U-I na U-ZI wiki moja, kwa sababu umoja wake unafanana: "mti huu umeanguka", "ukuta huu umeanguka". Tofauti inajitokeza kwenye wingi, "miti hii imeanguka" na "kuta hizi zimeanguka". Ukizifundisha pamoja, watachanganya zote mbili, na kuzichambua upya kutakula wiki tatu.

Wanafunzi wako Waluhya, ukiwapata, ngeli zitawawia nepesi kwa kuwa lugha zao ni za Kibantu. Wapange mmoja kwa kila kikundi.

Kuhusu makaratasi: azimio la kazi lifuate hati ya mtaala ya KICD (taasisi ya Kenya ya kukuza mitaala), yenye mada, mada ndogo, matokeo maalumu yanayotarajiwa, maswali dadisi. Tathmini haiandikwi kwa asilimia peke yake. Kuna kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia, na mbali na matarajio, na kwenye sekondari msingi (gredi ya 7 hadi 9) kila kimoja kimegawanywa mara mbili kupata viwango 8. Omba azimio la muhula uliopita kwa mwalimu unayempokea, ujue darasa lilipoachwa.

Na insha: wanafunzi 60 kwa dakika 5 kila mmoja ni saa 5 za kusahihisha. Hutaziweza kwa usiku mmoja. Kusanya 15 kwa siku, siku nne, na kila insha chagua aina moja ya kosa la kuandamana nalo. Insha hii viakifishi, ijayo upatanisho wa kisarufi. Daftari likirudi limejaa wekundu, mtoto hasomi hata mstari mmoja wa maoni yako.

Nyar_Kano:
Karibu nyumbani, binti yangu. Mimi nitasema ya jikoni na maji.

Maji ya tangi yanaonekana safi, lakini mvua ya kwanza baada ya kiangazi inaosha bati: vumbi, kinyesi cha ndege, majani makavu. Geuza bomba la bati mvua hiyo ya kwanza imwagike nje. Chota maji ya siku kwenye mtungi wa lita 20 (huku mtungi ni lile dumu la plastiki, si chungu). Ya kunywa yachemshe mpaka yatokote kabisa, dakika moja inatosha. Kama makaa ni ghali wiki hiyo, tumia kidonge cha klorini: cha miligramu 67 ni cha lita 20 za maji maangavu, funika, ngoja dakika 30. Maji yenye tope, hasa ukilazimika kuchota mtoni, yachuje kwanza kwa kitambaa kizito kilichokunjwa mara nne, kisha vidonge viwili. Tope hula klorini kabla haijafikia vijidudu, ndiyo maana kidonge kimoja hakitoshi. Maji ya kunywa yakae kwenye ndoo yenye mfuniko na bomba chini, mtu asitumbukize kikombe.

Jiko la makaa lisilale nawe chumbani, hata mvua ikinyesha namna gani. Moshi hauonekani, lakini hewa yake inaua.

Sokoni utababaika kwa majina. Dagaa wenu hapa ni omena, sato ni ngege, sangara ni mbuta. Ulezi tunauita wimbi, choroko ni ndengu, makande ni githeri. Nafaka zinapimwa kwa gorogoro, mkebe wa kilo 2 hivi. Angalia mkebe haujabonyezwa kitako, wachuuzi wengine huupunguza hivyo.

Omena ndiyo itakayokuokoa kwa posho ndogo, ila wengi huipika na mchanga. Huanikwa ufuoni, ndiyo sababu. Imwage kwenye sinia, toa vijiwe na vipande vya kome kwa mkono. Mimina maji moto yasiyotokota, acha dakika 5, sugua taratibu kwa viganja, kisha ichote kwa mkono uiweke chombo kingine. Usiimwage na maji yake kwenye chujio, maana mchanga uliotua chini utarudi wote juu ya samaki. Rudia mara tatu, mpaka kitako cha bakuli kiwe safi ukikipapasa. Ikauke, ikaange kwa mafuta kidogo mpaka ianze kulia kwenye sufuria, ndipo utie vitunguu na nyanya. Ukitanguliza nyanya itakuwa laini na yenye harufu.

Mboga zetu za dek (mgagani) ni chungu kwa mgeni. Huchemshwa, maji yakamwagwa, kisha zikalazwa na maziwa usiku kucha. Omba jirani akuonyeshe mara moja.

Na ulete gambuti. Udongo wa Kano ni mweusi na unanata, na mto Nyando ukifurika Aprili au Mei, viatu vya kawaida vinabaki kwenye tope.

Tabibu_wa_Zahanati:
Dada, sehemu hii isome mara mbili. Ahero kuna skimu ya mpunga, maji yamesimama karibu mwaka mzima, na kanda yote ya ziwa ni eneo la malaria ya kudumu. Mtu aliyekulia nyanda za juu hana kinga ya mwili aliyonayo jirani yake wa hapa. Jirani anaweza kufanya kazi na homa yake, wewe ikakulaza.

Chandarua chenye dawa, kipya, kianike kivulini saa 24 kabla ya kukitumia. Pindo liingie chini ya godoro pande zote nne. Kukiwa na kitundu cha kupitisha kidole, kishone leo. Kikichafuka, kifue kwa maji baridi na sabuni ya kipande, na ukianike kivulini, kwa sababu jua linaharibu dawa.

Homa, baridi kali, kichwa, viungo: nenda ukapimwe siku hiyo hiyo. Kipimo cha haraka ni tone la damu na dakika 15 hadi 20. Ukiambiwa una malaria isiyo kali, dawa mseto ya AL (artemether na lumefantrine) ya mtu mzima ni vidonge 24: vinne sasa, vinne baada ya saa 8, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata. Vimeze na chakula chenye mafuta, hata chai ya maziwa na mandazi, ndipo vinapoingia mwilini vizuri. Kosa kubwa ni kuacha siku ya pili kwa kuwa umepata nafuu. Vimelea vilivyobaki vitarudi.

Na hili watu hulisahau: dalili huja siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu. Unaweza kurudi Njombe likizo ukiwa mzima, homa ikakukuta huko. Mwambie daktari sentensi moja tu: "Nimetoka Kisumu." Bila hiyo anaweza kuanza kutafuta ugonjwa mwingine.

Binti_wa_Baridi:
Shikamoo mama Nyar_Kano, na asanteni sana nyote. Hili la kiganja kooni sikufundishwa chuoni. Maswali mawili: shikamoo inatumika huko? Na nibebe nini kutoka nyumbani ambacho sitakipata kwa urahisi?

Nyar_Kano:
Marahaba, binti yangu. Shikamoo ukinipa mimi naipokea kwa furaha, lakini wanafunzi wengi hawaitumii na si kwa kukosa adabu. Huku heshima ni kusalimiana kwa mkono. Asubuhi sema "oyawore", jioni "oimore", shukrani "erokamano". Wazazi watakuita "japuonj", yaani mwalimu.

Ngeli_kwa_Ngeli:
Cha kubeba: kamusi yako ya Kiswahili sanifu, na kama nafasi ipo, magazeti ya Kiswahili ya kwenu 10 au 15, ya zamani hayana shida. Yakate habari fupifupi, uzibandike kwenye karatasi ngumu, kila kikundi cha watu 6 kipate yake. Vitabu vya kiada huwa havitoshi, mara nyingi watatu wanachungulia kimoja. Chaki na kalamu utazipata Ahero penyewe.

Ubao_Mweusi:
Ongeza msasa namba 120, vipande vinne. Ubao wa shule nyingi umeng'aa na chaki inateleza. Usugue siku ya Jumamosi ukiwa mkavu, upanguse vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, uache ukauke kabla ya kuandika. Ukibandua mpaka saruji ionekane, hapo unahitaji rangi ya ubao, tabaka mbili, na siku nzima kati ya tabaka na tabaka. Usikubali wanafunzi wasage betri kuukuu kupata weusi, unga wake ni sumu.