Naomba ushauri: kumpandisha mama mwenye magoti mabovu hadi Neuschwanstein

Habarini wakuu. Mwezi ujao tunatoka Munich na gari la kukodi kwenda Innsbruck, na mama kang'ang'ania lazima tupitie ile ngome ya Neuschwanstein kule Ujerumani, ya mfalme Ludwig II wa Bavaria, iliyoanza kujengwa 1869. Shida ni kilima. Magari yanaachwa chini kijijini Hohenschwangau, na kwa miguu ni kama dakika 40 za mpando. Mama ana miaka 68, magoti yanamsumbua. Ngazi tatu za kwetu Tabata tu anapumzika mara mbili, huku anasingizia anatafuta funguo.

Nimeona kuna basi, ila linashusha karibu na daraja la Marienbrücke, halafu unateremka mteremko mkali. Mkokoteni wa farasi nao hauwafikishi mlangoni, kuna kipande cha kupanda.

Kwa mliokwenda na wazee, kipi kina nafuu? Kwa magoti, mimi naogopa mteremko kuliko mpando. Na tiketi ina saa yake ya kuingia: tukichelewa, ndiyo basi? Ndani nako ngazi zikoje?

Mwenye kujua kibali cha ushuru wa barabara kuu za Austria (vignette) kinaponunuliwa kabla ya mpaka, anisaidie pia.