Siku ya Taco ni lini hasa, na kwa nini tortila za unga wa posho zinakatika?

Kantini_Bugolobi
Habari zenu wakubwa. Wateja wanaomba tupike taco (chakula cha Mexico: tortila, yaani chapati nyembamba, iliyokunjwa na nyama ndani) Siku ya Taco, Oktoba. Kalenda moja inasema tarehe 4, nyingine Jumanne ya kwanza. Ipi sahihi, na wanaadhimisha nini? Halafu tortila za unga wa posho (unga wa mahindi wa ugali) na maji ya moto zinakatika zikikunjwa. Tumeongeza maji, tumeongeza mafuta, wapi!

Mzee_wa_Sigiri
Tarehe 4 ni ya zamani. Marekani waliishika hadi 2023, na mwaka 2024 ikahamia Jumanne ya kwanza ya Oktoba kwa ombi la kampuni ya migahawa ya Taco Bell, maana Wamarekani wengi wamezoea kula taco Jumanne. Mwaka 2026 itakuwa tarehe 6, siku tatu kabla ya Uhuru wetu wa Uganda, basi agizeni nyama mapema.

Si sikukuu ya serikali, ofisi hazifungwi. Ni siku ya migahawa kutoa punguzo. Mexico wana yao, 31 Machi, tangu 2007. Tarehe 5 Mei haihusiani na taco: ni kumbukumbu ya vita vya Puebla vya 1862, Wamexico walipolishinda jeshi la Ufaransa. Kwangu mimi cha kuadhimisha ni mahindi yenyewe, na jinsi wale watu walivyojua kuyapika kwa chokaa. Tortila zako zinakatika kwa sababu hatua hiyo haipo.

Jiko_la_Jinja
Kweli kabisa. Unga wa posho umesagwa mkavu, mara nyingi ganda na kiini vimeshaondolewa, kwa hiyo hakuna cha kuushika. Chokaa hulainisha ganda la punje, na donge linanata bila ngano. Pia huachilia vitamini B3 ambayo mwili hauipati vizuri kwenye mahindi ya kawaida.

Chukua kilo 1 ya mahindi meupe makavu, lita 3 za maji na gramu 10 za chokaa ya chakula. Koroga chokaa kwanza, tia mahindi, chemsha kwa moto mdogo dakika 30 hadi 45. Punje ikiwa tayari, ganda linachubuka kwa vidole lakini katikati bado kugumu. Ipua, funika, acha usiku kucha. Asubuhi osha mara mbili tatu ukisugua.

Usitumie sufuria ya alumini! Chokaa huila na kuitia weusi. Tafuta ya chuma kisichoshika kutu.

Mashine ya posho haifai, mahindi yaliyolowa yataiziba. Saga kwa mashine ya mkono, mara mbili, ukinyunyiza maji kidogo. Bonyeza kidonge: kingo zikipasuka, ongeza maji, donge likinata mkononi, maji yamezidi. Madonge ya gramu 30, weka kati ya vipande viwili vya kaveera (mfuko wa plastiki), kandamiza kwa sufuria nzito. Kikaango kikavu, cha moto sana: sekunde 20, geuza, dakika moja, geuza tena mpaka ivimbe. Zifunge kwenye kitambaa mara moja. Zikipoa wazi zitakatika hata kama donge lilikuwa zuri.

Kantini_Bugolobi
Asante sana ssebo. Chokaa ya kupaka ukuta itafaa?

Jiko_la_Jinja
Hapana, hata kijiko! Ile ina uchafu usioliwa. Iwe imeandikwa kuwa ni ya chakula. Ukiikosa, tumia unga wa ngano na uziite tortila za ngano. Kaskazini mwa Mexico ndizo wanazokula, wala si udanganyifu.

Nnyabo_Wandegeya
Kuhusu nyama: nguruwe wa kuiva taratibu kwenye mafuta yake anafaa sana, ila weka na mbuzi kwenye kikaango tofauti kwa ajili ya wateja Waislamu. Juu yake kitunguu kibichi, dania, pilipili na ndimu, basi. Kabichi na nyanya nyingi hutoa maji, tortila inalowa kabla mteja hajaifikisha mdomoni. Na ndimu ikamuliwe mezani, si jikoni.