Chembe za almasi zinang'oka kabla ya kuchakaa

Fundi_Matale:
Habari zenu, wakuu. Karakana yetu hutengeneza vipande vya meno vya misumeno ya duara ya kukatia matale (mawe magumu ya graniti). Tunachanganya poda ya kobalti na shaba nyeusi pamoja na chembe za almasi, kisha tunagandamiza katika kalibu ya grafiti (kaboni laini, kama ya penseli) kwenye joto la nyuzi 850 hivi. Nikitazama kwa lenzi kipande kilichotumika, naona vishimo vitupu vyenye kuta laini zinazong'aa, ilhali chembe zilizobaki bado zina kingo kali. Je, tuongeze almasi, au tupandishe joto?

Poda_na_Moto:
Ndugu, kuongeza almasi ni kuongeza gharama tu. Kishimo laini namna hiyo kinaonyesha kwamba metali haikuungana na chembe, bali iliibana: kobalti inapopoa hunywea kwa kiasi kikubwa mno kuliko almasi, na mbano huo ndio pekee unaoishikilia chembe hadi unga wa matale unapoila metali pembeni yake. Kinachotakiwa ni elementi inayounda kabidi, yaani mchanganyiko wa kikemia wa metali na kaboni, kwa kutumia kaboni ya almasi yenyewe, kama vile titani, kromi au tungsteni. Nunueni chembe zilizokwisha kupakwa utando wa mojawapo. Kumwaga tu poda ya titani kwenye mchanganyiko mara nyingi huvunja moyo, kwa kuwa titani hunyakua oksijeni kabla ya kuifikia almasi.

Mkata_Mawe:
Naunga mkono, ila joto msilipandishe. Kobalti, kama chuma na nikeli, huharakisha almasi kugeuka grafiti usoni, na hapo hata mbano mliokuwa nao hulegea. Tena tabaka la kabidi likinenepa mno huwa jepesi kuvunjika.

Fundi_Matale:
Nashukuru. Vipi kuhusu kuziunga chembe kwa lehemu ya nikeli na kromi?

Poda_na_Moto:
Hushika kwelikweli, kwa sababu kromi iliyomo huunda kabidi, lakini huhitaji tanuri la ombwe (lililoondolewa hewa) lenye joto la nyuzi 1000 na zaidi, na kwa kawaida hubeba safu moja tu ya chembe. Kwa matale, anzeni na chembe zilizopakwa utando. Vunjeni kipande kipya kabla hakijaenda kazini, mtazame mpasuko: metali ikibaki imeng'ang'ania kwenye chembe, muungano upo, uso wa almasi ukitoka mtupu, rudieni mchanganyiko.