Mnamfungia mtoto chumbani, akiogopa mnaandika "hana ushirikiano"?

Wanajukwaa, hamjambo. Naandika nikiwa na hasira, na nina haki ya kuwa nayo.

Mwanangu ana miaka 14. Wakati wa maandamano ya Julai 2023 hapa Kisumu, mlango wa jirani tunayepakana naye ukuta kwa ukuta huku Manyatta ulivunjwa usiku, na moshi wa vitoza machozi ukaingia hadi kitandani kwetu. Tangu hapo kigugumizi chake cha utotoni kimerudi kwa nguvu, na kuna siku hafungui kinywa kabisa. Akiitwa darasani haitiki. Mwalimu akashuku masikio, na alikuwa na sababu, maana mtoto alipokuwa mdogo yalikuwa yakitoa usaha kila mara. Tukapewa barua ya kwenda kupimwa. Hospitali sitaitaja.

Kipimo chenyewe kiko hivi: mtoto anaingia kwenye kijichumba kisichopitisha sauti, anavaa hedifoni, mlango mzito unafungwa, na kila akisikia mlio anabonyeza kitufe. Wangu hakuelezwa lolote. Aliambiwa tu, "Ingia, kaa." Mlango ukafungwa. Nikamwona kupitia kile kidirisha cha kioo: kitufe kimeanguka, hedifoni inaning'inia shingoni, naye anapiga mlango kwa viganja vyote viwili. Mpimaji akafungua akamfokea: "Kijana mkubwa hivi unaogopa nini? Unatupotezea wakati!"

Nilipojaribu kueleza, akaniuliza pale pale mlangoni, foleni nzima ikisikia: "Kwani alipigwa, mama? Nani alimpiga?" Mwanangu akavuta kofia ya sweta ikafunika macho. Kwenye faili akaandikiwa kwamba hana ushirikiano, tukaambiwa tupange siku nyingine.

Sasa mimi nauliza. Kipimo hicho kinategemea mtoto mwenyewe kubonyeza. Mtoto ambaye moyo unamwenda mbio atasikiaje mlio mdogo kuliko mnong'ono? Matokeo yakitoka mabaya, ni masikio au ni hofu? Mtu anaweza kuvishwa kifaa cha kusikia asichokihitaji, au anayekihitaji akarudishwa nyumbani kwa sababu "alikataa kupimwa". Na njia zipo! Mzazi anaweza kukaa ndani na mtoto. Mtoto anaweza kuonyeshwa jinsi mlango unavyofunguka kwa ndani, aufungue mwenyewe, avae hedifoni huku nje azizoee kwanza. Kuna hata kijidude kinachowekwa sikioni kikanasa mwangwi wa sikio la ndani bila mtoto kujibu kitu. Hakimalizi kazi yote, lakini kingetupa pa kuanzia.

Usemi pia alipimwa, na upande huo ndio ulinichoma zaidi. Mwanangu amelelewa Seme kwa nyanyake, Dholuo ndiyo lugha yake ya nyumbani. Akapewa picha za kutaja kwa Kiingereza, mojawapo ni mtu wa theluji. Theluji, Kisumu! Kwa Kiswahili nako akasema "sule" badala ya "shule", ikahesabiwa kasoro ya matamshi. Dholuo haina "sh" wala "z", kila mtu anayeishi huku anajua. Akainamisha macho mbele ya mtu mzima kama alivyofunzwa na nyanyake, ikaandikwa kwamba haangalii anayezungumza naye. Hiyo ni heshima jamani, mtoto amelelewa vizuri!

Alikuwepo mwanafunzi mmoja wa mafunzo aliyemfuata baadaye kwenye benchi, akachutama, akamuuliza kwa Dholuo kuhusu mechi ya Gor Mahia. Mtoto akajibu. Polepole, kwa kukwama, lakini akajibu. Huyo mwanafunzi hakutumia mashine yoyote, na kwa dakika hizo chache alimsikia mwanangu kuliko faili nzima.

Msiniambie habari ya uhaba wa wataalamu. Najua ni wachache, najua foleni ni ndefu. Kumuuliza mama faraghani "kuna jambo mtoto amepitia tunalopaswa kujua?" kunachukua dakika ngapi? Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, na kifungu cha 53 kinasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza. Mvulana wa miaka 14 ukimwaibisha mbele ya watu leo, kesho hutamrudisha hapo hata kwa kamba. Wangu ameshasema haendi tena, na sijui nimlazimishe vipi.

Barua ya malalamiko nimeiandika. Nataka yale maneno yafutwe kwenye faili, apimwe upya nikiwa ndani naye, na mazungumzo yawe kwa Dholuo. Kama mtoto wako wa rika hili ametendewa hivi Kisumu, Siaya, Vihiga au hata Nakuru, andika hapa chini, jina la mtoto usilitaje. Nikienda kwa msimamizi nataka niende na wazazi wenzangu. Na kama unamjua mtaalamu wa usemi anayeongea Dholuo, tafadhali nitumie ujumbe inboksi.