Wametoboa JICHO LA CHUI kwa skrubu halafu wanaita makazi ya kifahari

Kibodi Moto (mwanzisha uzi)

Wadau, nimekasirika hadi simu imepata joto. Wale jamaa mnaowajua, wa lile ghorofa la Masaki lenye vioo rangi ya soda, wametoa video ya apatimenti ya mfano. Sebule ina kochi jeupe ambalo ukilisogelea na sahani ya wali maharage linapata presha. Kamera ikageuka ukutani. Picha ya Tingatinga, ule uchoraji wetu wa wanyama! Chui mzuri, hadibodi ya sentimita 60 kwa 60. Nikafurahi kwa sekunde mbili hivi.

Kamera ikasogea. SKRUBU.

Nne. Za inchi mbili. Zimepita juu ya picha yenyewe kwenda ukutani, kama wanapigilia bati la banda la kuku. Tatu ziko pembeni. Ya nne, wazee wangu, ya nne iko kwenye JICHO. Jicho la chui. Chui wa watu ana skrubu ya kichwa cha nyota pale kwenye mboni, anatuangalia nayo, na dalali anapita mbele yake anasema wameoanisha utamaduni na maisha ya kisasa. Umeoanisha jicho na drili, ndugu yangu.

Hadibodi ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa. Ukiitoboa kutoka mbele, rangi ya mafuta inabanduka duara kuzunguka tundu, nyuzi zinabaki wazi, na unyevu wa bahari ya Masaki unaingia hapo hapo. Miezi michache tu hadibodi inavimba kama chunusi, rangi inazidi kumenyeka. Yaani jicho litaota kipele.

Kutundika ni kazi ya nusu saa. Unachana ubao mmoja kwa urefu, msumeno ukiwa umelala nyuzi 45. Nusu moja unaigandisha nyuma ya picha kwa gundi ya mbao, mdomo ukiangalia chini. Nusu ya pili unaifunga ukutani, mdomo ukiangalia juu. Picha inakaa kwa kupandana, mbele haiguswi na kitu. Chini yake nyuma unaweka kipande cha unene ule ule ili isimame wima na hewa ipite, maana plasta mpya inatoa maji muda mrefu. Katikati ya picha iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Basi! JICHO LINGEPONA.

Na wangefanyia Dubai ningesema ugeni. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 hapa hapa rasi ya Msasani, kwa hadibodi na rangi ya baiskeli, kazi zake zikauzwa Morogoro Stores pale Oysterbay. Kutoka Morogoro Stores hadi kwenye hiyo skrubu unakwenda kwa miguu na muhogo wako wa Coco Beach hujaumaliza.

Kobe wa Kigamboni

Mkuu umeandika kana kwamba umetobolewa wewe. Kunywa maji.

Ila nimeiona. Chui amevaa miwani ya chuma 😂😂

Fundi Mwiko

Kibodi Moto, hasira zako ni nzuri lakini hujasoma ukuta. Ule si wa tofali. Ule ni jipsamu juu ya fremu ya bati, gonga utasikia ngoma. Bodi ya jipsamu ina unene wa milimita 12 na nusu, skrubu ya inchi mbili ikiingia pale inachanganya unga tu, haishiki kitu. Vyuma vya wima vinakaa kila sentimita 60, wengine kila 40. Sasa picha ya sentimita 60 ukiibandika chuma kimoja kikiwa karibu na katikati yake, pembe zote zinaangukia penye uwazi. Fundi kapiga ya kwanza, inazunguka. Ya pili, inazunguka. Ya tatu, vile vile. Akaanza kupapasa kutafuta chuma, akakipata.

Kipo nyuma ya jicho.

Kwa hiyo zile tatu ni mapambo. Jicho ndilo limebeba picha nzima.

Kibodi Moto

Fundi Mwiko umeniua. Kumbe wakiitoa ya jicho, chui anaanguka?? Yaani wamemfunga kwa jicho?

Fundi Mwiko

Ndiyo kaka. Dawa ya jipsamu ni zile skrubu zenye mabawa yanayofunguka kwa nyuma, au sumaku ndogo: ipitishe ukutani taratibu, inanasa penye vichwa vya skrubu za bodi, hapo ndipo chuma kilipo. Weka alama kwa penseli, funga ubao wako wa nyuzi 45 kwenye chuma hicho, picha inakaa. Fundi hakupewa hata dakika kumi, kaambiwa mpiga video yuko getini.

Mama Vinyago

Wanangu mnalia na chui, hamjatazama kona ya kulia. Kile kinyago cha ujamaa, watu wamepandana kama mnara, kimewekwa chini ya AC kabisa. Mpingo ukipigwa na upepo mkavu, nje inakauka na kusinyaa haraka, ndani bado kuna unyevu. Nje ikivuta na ndani ikagoma, unapasuka kufuata nyuzi, na mara nyingi ufa unaanzia chini kwenye kitako. Kinyago kikubwa kisogezwe kabisa kisipigwe na ule upepo, na kipakwe nta ya nyuki kidogo kwa kitambaa laini. Mafuta ya kula msipake, yanaganda na kukusanya vumbi.

Halafu, sijui niseme. Sidhani kama ni mpingo. Mweusi ule umelingana mno kila mahali. Mpingo halisi ukiugeuza kitako unaona kiini cheusi chenye uhudhurungi, na pengine ukingo wa njano uliobaki karibu na ganda. Chukua pamba, tia spiriti, sugua pale chini. Pamba ikitoka nyeusi, umeuziwa mti mweupe na dawa ya viatu. Na mpingo ni mzito, kipande chake hakielei, kinazama kwenye ndoo. Yule binti kwenye video kakiinua kwa mkono mmoja huku anatabasamu.

Kobe wa Kigamboni

Shikamoo Mama Vinyago. Kwa hiyo chui kipofu na kinyago kimepiga kiwi. Nyumba imekamilika.

Mjuzi wa Brashi

Mimi nina swali kwa mwenye uzi, usinipige. Una uhakika ile ni Tingatinga ya mkono? Simamisha video pale taa inapopita. Rangi ya mafuta iliyopakwa kwa brashi inaacha kingo zilizoinuka, kila doa la chui lina mgongo wake, ukimulika tochi kutoka pembeni unaona vivuli vidogo. Ile pale iko bapa kama meza ya benki. Ni chapisho lililobandikwa kwenye ubao na kupigwa vanishi.

Na kibao chake je? Wameandika ni ya Tingatinga mwenyewe, 1985. Mzee alifariki 1972. Alichora kama miaka minne tu. Hiyo ya 1985 aliileta kwa posta?

Kibodi Moto

Hata kama ni chapisho, JICHO NI JICHO.

Mpangaji wa Tandika

Huku kwetu kalenda ya duka la mpunga inabandikwa kwa gundi ya ugali. Hakuna mnyama aliyewahi kuumia.

Chumvi Bahari

Mnashangaa skrubu ya ndani, nje hamjafika. Rudisheni video kwenye baraza, muangalie vile vyuma vya kushikilia. Vina michirizi ya rangi ya chai na jengo halijahamiwa na mtu. Wameweka chuma cha pua daraja la 304. Karibu na bahari inatakiwa 316, ndiyo yenye molibdenamu ya kupambana na chumvi. Na msidanganywe na kipimo cha sumaku, zote mbili sumaku haizishiki vizuri, daini cheti cha kiwandani. Mashine za AC za nje nazo wamezipanga upande wa bahari. Yale mapezi ya aluminiamu yasipooshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila mwezi yanageuka unga, gesi inavuja, unaambiwa umetumia vibaya. Na wataoshea maji gani, wakati visima vingi vya rasi ile ni vya chumvi?

Mlipa Ada

Asante Chumvi Bahari, sasa tumefika kwenye mambo. Chui hamlipii kila mwezi. Ada ya huduma mnailipia. Wanakutajia mita za mraba 150, ukipima mwenyewe kwa futi kamba unakuta 118. Baraza wamehesabu, unene wa kuta wamehesabu, maegesho wamehesabu. Ada ikiwa mfano sh 6,000 kwa mita, unalipa 900,000 badala ya 708,000. Laki moja na tisini na mbili kila mwezi kwa kukanyaga unene wa ukuta.

Kabla ya kutoa hata shilingi, ulizia hati ya yuniti yako, yaani ya apatimenti yenyewe, chini ya sheria ya umiliki wa sehemu za jengo (Unit Titles Act) ya mwaka 2008, siyo karatasi ya dalali yenye muhuri wa zambarau. Ulizia akiba ya matengenezo makubwa iko akaunti gani. Lifti, pampu na jenereta vinakufa vyote mwaka mmoja, havina aibu. Na bei bado wanaitaja kwa dola, wakati kanuni za 2025 zimekataza kutangaza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Ukiwakumbusha wanakwambia hiyo dola ni ya kukadiria.

Kobe wa Kigamboni

Kukadiria kama jicho lilivyokadiriwa 😂

Fundi Mwiko

Mlipa Ada, na jenereta. Mmeona bomba la moshi limetokea wapi? Usawa wa madirisha ya ghorofa ya kwanza. Bomba linatakiwa lipande hadi juu ya paa, na kadiri linavyorefuka na kupata kona ndivyo kipenyo kiongezeke, la sivyo injini inasongwa na moshi wake yenyewe. Ghorofa ya kwanza watakula nyama choma ya dizeli.

Kibodi Moto

Jamani naomba turudi. Skrubu. Jicho. Chui.

Mjuzi wa Brashi

Chapisho.

Chumvi Bahari

Fundi Mwiko, hapo kwenye jenereta umenikumbusha tangi. Mbona liko juani juu ya paa, tena jeupe linalopitisha mwanga? Hiyo ni shamba la mwani. Tangi liwe jeusi au liwe na tabaka jeusi ndani.

Mpangaji wa Tandika

Samahani wataalamu, nje ya mada. Mlango wa choo cha wageni kwenye video ukifunguka unagonga sinki. Mtu mnene anaingiaje?

Fundi Mwiko

Anaingia kinyumenyume, anafunga mlango, halafu anageuka. Walitakiwa wahamishe bawaba ifungukie nje, au waweke wa kuteleza, ila wa kuteleza unakula ukuta wa jipsamu wa sentimita kumi.

Mpangaji wa Tandika

Na akitaka kutoka?

Mama Vinyago

Mwanangu, hapo ndipo ile ada ya huduma inapofanya kazi.